Babu wa Shirazi, Bibi wa Ruvuma

Huku kwetu kusini, kuanzia Lindi mpaka mlango wa Ruvuma, mzee akitaka kukujua hakuulizi jina. Jina hata mbuzi anapewa. Atakuuliza wewe ni wa nani. Baba yako nani, na huyo baba yake nani, na wote hao walitoka wapi. Hapo ndipo maneno yanapoanza kuwa mazito, maana kila ukoo wa pwani uliowahi kuwa na kaburi la mawe na chokaa unalo jibu lake tayari mdomoni: Shirazi. Ukiuliza Shirazi ni wapi, mkono utanyoshwa kuelekea baharini, kaskazini mashariki hivi. "Huko, Uajemi." Basi, mazungumzo yamekwisha, na wewe umewekwa mahali pako.

Nami jibu hilo nimelikuta nyumbani. Upande wa babu mzaa mama kuna karatasi iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, imekunjwa mara nne na kufungwa ndani ya nailoni. Ina majina kumi na manne. La kwanza ni la babu mwenyewe, kisha bin fulani bin fulani, mpaka la kumi na nne ambalo limemalizikia na neno al-Shirazi. Karatasi hiyo ilikaa sandukuni miaka mingi bila mtu kuiulizia. Ilitolewa wakati wa harusi, ikasomwa, watu wakasema mashaallah, ikarudishwa.

Halafu likaja bomba la gesi.

Msomaji wa Dar labda hajui gesi imefanya nini kwenye koo za watu huku. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ikalala chini miaka ishirini na kitu, ikaanza kutumika mwaka 2006. Kati ya mwaka 2012 na 2015 likajengwa bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Mapema mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana, na mwezi Mei mambo yakaharibika kabisa. Hayo yaliandikwa sana magazetini. Ambayo hayakuandikwa ni kwamba njia yote ya kwenda Msimbati, vishamba ambavyo hakuna aliyekuwa na habari navyo ila nyani na waokota korosho, vilipata bei ghafla. Shamba likishapata bei, na ukoo nao hupata watu. Wajomba zangu wa upande wa babu wakakumbuka kwamba minazi ya bibi ilipandwa na babu. Wakaja na ile karatasi. Kwa maneno yao, shamba ni la ukoo wa Kishirazi, linashuka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, na karatasi ndiyo ushahidi.

Bibi yangu hajasoma hata darasa moja. Aliitazama ile karatasi wakati inasomwa, majina yote kumi na manne, kisha akauliza, "Wanaume kumi na wanne. Nani aliwazaa?"

Ni swali hilo lililonifanya niingie kwenye vitabu. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Nilidhani nitapata riwaya ndani ya ile karatasi. Nilichopata ni kikubwa kuliko riwaya, na sehemu yake nataka kuwasimulia hapa.

Kwanza niseme kwamba ugonjwa huu wa kutafuta babu mkubwa siyo wetu peke yetu. Kaskazini ya Wales kuna jumba la kale liitwalo Gwydir, karibu na mji wa Llanrwst. Mwenye jumba hilo, Sir John Wynn, aliyefariki mwaka 1627, aliandika kitabu kizima cha historia ya ukoo wake ili kuonyesha kwamba damu yake inatoka kwa wafalme wa Gwynedd wa karne ya 12. Na hao watu wa Wales, kabla hawajaanza kutumia majina ya ukoo kama ya Kiingereza, waliitana kama sisi. Gruffydd ap Llywelyn, maana yake Gruffydd bin Llywelyn. Ap ndiyo bin yao. Ukisoma nasaba ya Mwelshi wa kale utadhani uko Mikindani, ila baridi tu. Mtu mwenye jumba akataka na wafalme, kama vile mtu mwenye minazi anavyotaka Uajemi.

Lakini Sir John alikuwa anatafuta wafalme waliotawala milima ile ile aliyokuwa akiiona dirishani. Sisi babu yetu tumemweka ng'ambo ya bahari. Kwa nini?

Habari ya Washirazi kwa upande huu wa pwani inaanzia Kilwa, na Kilwa wenyewe wana simulizi zaidi ya moja. Ya Kiarabu inajulikana kwa jina la Kitab al-Sulwa. Nakala yake ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877, nayo sasa iko London. Humo mna sultani wa Shiraz aliyeota ndoto: panya mwenye mdomo wa chuma anatafuna kuta za mji. Akajua mji utaanguka. Akaondoka na wanawe sita katika majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mahali pake, moja Mombasa, moja Pemba, moja Anjouan kule Ngazija, na moja Kilwa. Kisiwa cha Kilwa kilikuwa na mwenyewe, mtu wa bara ambaye hakuwa Mwislamu. Akakiuza kwa nguo: nguo za rangi zilizotosha kukizunguka kisiwa chote. Kila nikisoma hapo huwa najiuliza hizo nguo zilishonewa watu wangapi.

Ya pili ni ya Mreno, João de Barros, aliyechapisha mwaka 1552 mambo ambayo Wareno waliyapata Kilwa baada ya kuuvamia mji mwaka 1505. Yeye anasema sultani wa Shiraz alikuwa na watoto saba wa kiume, na yule aliyekuja Kilwa, Ali, alidharauliwa na ndugu zake. Kisa? Mama zao walikuwa wa nasaba ya Kiajemi, mama yake yeye alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Simama hapo kidogo, msomaji. Hata kabla jahazi halijang'oa nanga, hata katika simulizi ya kujisifia, babu wa Washirazi ana mama Mwafrika. Na ni kwa sababu ya mama huyo ndiyo akaondoka. Angekuwa na mama mwingine tusingekuwa na Kilwa ya kusimulia.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu ni ya Kiswahili na ni ya wenyeji. Mjerumani mmoja aitwaye Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali Dar es Salaam na baadaye mwalimu wa Kiswahili Berlin, aliwakusanya watu wa pwani waandike habari za miji yao, akazichapa mwaka 1907. Mna habari za Kilwa, za Lindi, za Sudi. Katika hizo za Kilwa, mkubwa wa kisiwa ni mtu aitwaye Mrimba, kabila lake Mmachinga. Ndiyo, Mmachinga. Vijana wa kusini waliokwenda kuuza mitumba na betri Kariakoo wakaitwa machinga kwa dharau, mpaka neno likawa la kila mchuuzi nchini, wajue kwamba Mmachinga huyu alikuwa ndiye mwenye kisiwa, na sultani ndiye aliyekuja na nguo begani akitafuta mteja.

Mwajemi akanunua kisiwa kwa nguo, lakini hakuishia hapo. Akamwoa binti Mrimba. Mrimba akahamia bara. Yule binti akazaa mtoto wa kiume, na mtoto alipokua akaenda bara kumwona babu yake mzaa mama, na babu akamkabidhi utawala. Sasa fikiri kama mtu wa Mtwara, siyo kama mtu wa Uajemi. Nguo peke yake haikutosha kumfanya mgeni kuwa mwenye nchi. Alihitaji mke. Na mtoto hakupata nchi kwa baba yake. Aliipata kwa upande wa mama. Simulizi inasema Shirazi, lakini sheria inayofanya kazi ndani yake ni ya huku huku.

Nilirudi kwenye karatasi ya ukoo na penseli. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Babu alizaliwa miaka ya 1920. Majina kumi na manne maana yake ni hatua kumi na tatu kutoka kwake mpaka kwa yule al-Shirazi. Ukimpa kila baba miaka thelathini kabla ya kupata mtoto huyo aliyeandikwa, unapata miaka 390, yaani unafika kama mwaka 1535. Ukimpa ishirini na mitano, unafika kama mwaka 1600. Sasa wataalamu, wakifuata sarafu za shaba za Ali bin al-Hasan zilizochimbuliwa Kilwa na mambo mengine, wanauweka mwanzo wa masultani wale kwenye karne ya 11 hivi. Ili kufika huko kwa mwendo wa bin bin unahitaji majina zaidi ya thelathini. Karatasi yetu inaishia njiani. Huyo mzee wa kumi na nne hakushuka kwenye jahazi lolote kati ya yale saba. Wakati wake Wareno walikuwa wameshaivunja Kilwa, na huko Kilwa kwenyewe Washirazi walikuwa wameshapokonywa kiti zamani na ukoo wa Mahdali wenye asili ya Yemen. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliyempokea alikuwa wa ukoo huo wa pili.

Nilimwonyesha mjomba mmoja hesabu yangu. Akaniambia, "Wewe mtoto umesomea kubomoa nyumba." Nikamwambia, hapana mjomba, nyumba ipo, ila mlango ni mwingine.

Maana sisemi kwamba karatasi ni ya uongo. Mtu wa mwaka 1600 akijiita Mshirazi alikuwa na maana yake. Shiraz wenyewe ni mji wa bara, hauna bandari. Bandari iliyokuwa na majahazi ni Siraf, katika Ghuba, ambayo ilipigwa na tetemeko mwaka 977. Hivyo watu wengi walioitwa Washirazi hawakuwahi kuuona huo mji, na watoto wao ndiyo kabisa. Jina liligeuka kuwa cheo. Lilisema: sisi tumekuwa Waislamu siku nyingi, sisi tuna mji wa mawe, sisi hatukuja jana. Walipokuja Waarabu wa Oman na kuitawala pwani, jina hilo lilikuwa namna ya wenyeji kuwaambia: mlitukuta.

Na kulikuwa na sababu nyingine, ambayo wazee huipita haraka kama wanavyopita makaburini. Mikindani ilikuwa bandari ya watumwa. Watu walishushwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, wakifuata bonde la Ruvuma, wakafungiwa huku wakingoja vyombo. Livingstone alitua Mikindani tarehe 24 Machi mwaka 1866, akiwa na ngamia na nyati wa kufuga kutoka India (wenyeji walishangaa, na haki yao), akapanda na njia hiyo hiyo ya Ruvuma, akakuta maiti za watumwa zimefungwa kwenye miti kwa sababu walishindwa kutembea. Mwaka 1873 Sultan Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini, lakini utumwa ndani ya miji na mashamba uliendelea muda mrefu. Sasa jiweke ndani ya mji wa namna hiyo. Nusu ya watu wanaokatiza barabarani waliletwa kwa kamba. Mtu asiyeweza kutaja babu zake saba anaweza kuulizwa, kwa upole kabisa, bwana wake alikuwa nani. Karatasi yenye majina kumi na manne siyo mapambo hapo. Ni ngao. Na mimi siwezi kumcheka mtu aliyejitengenezea ngao.

Nadhani vilevile kuna watu waliokuwa nyumbani mwetu ambao ngao hiyo iliwaficha. Bibi anasema aliyemlea babu, aliyembeba mgongoni, alikuwa mwanamke aliyeletwa kutoka Unyasa akiwa mtoto. Alikula nao, alizikwa nao. Kwenye karatasi hayumo, na wala haingewezekana awemo.

Wajerumani walipokuja wakaipa ngao hiyo mshahara. Mwaka 1888 watu wa kampuni yao walifukuzwa Mikindani, wakarudi na jeshi, na mwaka 1895 wakajenga ile boma nyeupe ambayo mpaka leo inautazama mji kutoka mlimani. Kutawala waliwatumia maliwali na maakida, na hao waliwachukua zaidi katika watu wa pwani, wanaojua kuandika, wenye kanzu. Waingereza nao hawakuona machifu wakubwa katika Umakonde, wakaendeleza ofisi hizo za liwali. Kwa hiyo, kwa zaidi ya nusu karne, kuwa Mshirazi au Mwarabu kulikuwa mlango wa kazi, na kuwa Mmakonde kulikuwa mlango wa kodi na mkonge. Mwenye akili angeandika nini kwenye karatasi yake?

Haya, tuache karatasi, tupande juu kidogo.

Bibi yangu ni wa watu wanaoitwa Wamaraba. Wengine husema Wamalaba. Ni Wamakonde wa ukanda wa bahari, kutoka Mikindani kwenda Msimbati na Mwambo, ambao wamekuwa Waislamu na wanavaa na kupika kama watu wa pwani, lakini Kimakonde chao wanacho, Chimaraba. Jina lenyewe linafanana na neno Waarabu, na wenzao wa Newala huwataniia kwa hilo. Kwa hiyo hata upande wa bibi Uarabu umo ndani ya jina! Ila ukoo wenyewe haufuati baba. Kwa Wamakonde wa zamani mtoto ni wa litawa, yaani ukoo wa mama. Mkubwa wake siyo baba, ni njomba, kaka wa mama. Na nchi inahesabiwa kwa chirambo, eneo la watu waliofyeka pamoja, chini ya mkulungwa, yule ambaye wa kwake ndiyo walioifungua ile nchi mwanzo. Ukifika ugenini unaomba kwa mkulungwa. Ukipewa, umepewa. Lakini hujawa mwenye nchi.

Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Newala na Mahuta mwaka 1906 akaandikiwa simulizi ya asili ya Wamakonde. Hapo zamani alikuwepo mtu mmoja porini, haogi, hanyoi, hali kama watu. Akachonga kipande cha mti akakifanya sanamu ya mwanamke, akaisimamisha. Asubuhi akakuta amekuwa mwanamke kweli. Wakaenda Ruvuma kuoga. Wakazaa, mtoto akawa amekufa. Wakahama, wakazaa tena, akafa tena. Walipokwenda kukaa juu, kwenye uwanda, ndipo mtoto akaishi, na huyo ndiye wa kwanza. Weka simulizi hii kando ya ile ya Kilwa uone. Kule mwanzo ni mwanamume na majahazi saba. Huku mwanamume ni mchafu tu wa porini mpaka apate mwanamke, na historia haihesabiwi kuanzia yeye, inahesabiwa kuanzia mtoto aliyeishi, na mahali alipoishi.

Nilipomwuliza bibi wanawake wa kwake, hakuhitaji sanduku. Alikunja vidole. Mama yake, mama wa mama yake, na kuendelea juu, wanawake saba, na kila mmoja na chirambo chake na mto aliokuwa akichota maji. Wa sita na wa saba wako ng'ambo, upande wa Msumbiji, juu kuelekea Mueda. Nikaandika kwenye daftari. Akaniambia, "Andika vizuri mume wangu, usije ukaniandikia wanaume humo." Bibi zetu huku mjukuu wa kiume humwita mume, kwa hiyo msomaji asishtuke.

Na shamba? Kwa maelezo yake shamba lilikuwa la litawa lake. Babu alikuja kutoka Mikindani, kijana mtanashati mwenye kanzu na nasaba, hana ardhi. Njomba wa bibi ndiye aliyemwonyesha mahali pa kupanda minazi, kwa sababu ya mke. Mgeni na nguo zake, mwenye nchi, na binti. Nilipomsikia anasema hivyo nywele zilinisimama, maana hajapata kusikia habari za Mrimba hata siku moja.

Sasa nije kwenye jambo lililowafanya wajomba washangilie mapema. Machi 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba uliofanywa na Chapurukha Kusimba, David Reich, Esther Brielle na wenzao wengi. Walipima mabaki ya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa na Songo Mnara na Lindi zikiwemo, na mji mmoja wa bara, wengi wao wakiwa wa kati ya mwaka 1250 na 1800. Wakakuta kwamba wengi wa watu wa miji hiyo walikuwa na damu ya Kiasia kweli, na sehemu kubwa ya damu hiyo ni ya Kiajemi, na kwamba kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Mjomba alinipigia simu siku hiyo hiyo. "Umesikia? Wazungu wamethibitisha."

Nikamwambia asome mpaka mwisho. Damu ya Kiasia ilikuja zaidi kwa njia ya wanaume. Damu inayopita kwa mama kwenda kwa mtoto, ile ambayo mama peke yake ndiye anayeitoa, ilikuwa karibu yote ya Kiafrika. Na kwa wengi waliopimwa sehemu ya Kiafrika ndiyo ilikuwa kubwa, nusu au zaidi. Yaani mabaki ya makaburini yalisema kile kile: Mwajemi alikuja, na binti Mrimba alikuwepo. Miaka mingi wasomi walikuwa wamegawanyika. Wakoloni walisema miji hii ilijengwa na wageni, Mwafrika alikuwa mbeba mawe. Waliowafuata, kama Derek Nurse na Thomas Spear katika kitabu chao cha mwaka 1985, wakaonyesha kwa lugha na vyungu kwamba Waswahili ni watu wa hapa, na Shirazi ikaonekana kama hadithi tu. Sasa inaonekana hadithi ilikuwa na mtu ndani yake. Ila siyo mtu aliyejenga mji peke yake. Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi: mtoto huongea lugha ya anayembeleza, na lugha yetu ni ya Kibantu mpaka mifupani.

Wala utafiti huo hauwezi kusema lolote kuhusu karatasi ya babu. Makaburi ya Mikindani hayakuwemo, na mzee wetu wa kumi na nne hakupimwa. Mjomba alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema salio linakwisha.

Nimesema wanawake wawili wa juu wa bibi wako ng'ambo. Hapo kuna mto, na mto huu siku hizi ni mpaka. Mwisho wa mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma iwe mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka wakachukua Kionga, ile pembe ndogo iliyo kusini ya mlango wa mto. Mwaka 1916 Wareno wakaichukua tena, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawaachia. Mtu wa Kionga aliweza kuzaliwa chini ya Sultani, akaoa chini ya Mreno, akalipa kodi kwa Mjerumani na kuzikwa na Mreno, bila kuhama nyumba. Litawa halikujua habari hizo. Watu walivuka kwenda kuchezea wali, kuzika, kuoa. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na zaidi baada ya vita kuanza mwaka 1964, walivuka kwa maelfu kuja huku, na wengi walipokelewa siyo kama wakimbizi bali kama watu wa mama fulani. Mwaka 2021 Palma iliposhambuliwa watu walivuka tena. Bibi alikuwa anauliza kila anayetoka Kilambo: ni wa litawa gani hao?

Hakuna aliyekuwa anauliza nani katika hao ni Mshirazi.

Kesi ya shamba ilipelekwa kwenye baraza la ardhi. Sitalitaja baraza wala kijiji, kwa sababu hawa wote ni ndugu zangu na tutazikana. Wajomba walisimama na karatasi na sheria ya mirathi. Upande wa bibi walisimama wazee wawili waliokumbuka nani alifyeka wapi kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 haijawahamisha watu na kuchanganya mipaka yote. Mwenyekiti aliisikiliza Uajemi, akaisikiliza na Ruvuma, kisha akasema kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, na kilichobaki ni haki ya kuitumia. Na kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki hiyo kwa kuwa ni mwanamke, sheria hiyo haiitambui. Halafu akauliza kitu ambacho hakuna upande uliokuwa umekileta: minazi hiyo imepaliliwa na nani miaka hii ishirini iliyopita?

Majirani waliitwa. Wakasema, bibi.

Wajomba wamekata rufaa. Karatasi iko kwenye jalada huko mjini, imepigwa mhuri na kupewa namba, na nakala moja ninayo mimi. Nyuma yake, kwa kalamu ya bluu, nimeandika wanawake saba jinsi bibi alivyonitajia, kuanzia yeye kwenda juu, na mito yao. Karibu na wa saba nimeacha nafasi. Daraja la Umoja la Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali sana juu ya mto, kwa hiyo nikipata nauli nitavukia Kilambo kwa mtumbwi, nipande mpaka Mueda, niulize mama yake aliitwa nani.